Matembezi ya Stellenbosch yafike na Die Vlakte

Anayefika Stellenbosch, kilomita 50 hivi mashariki ya Cape Town, hukuta waongoza watalii wako tayari kumtembeza kwa miguu. Watamwonyesha Mtaa wa Dorp na safu yake ndefu ya nyumba za kale zilizopakwa chokaa, mialoni iliyoupa mji jina la utani, mifereji ya maji kando ya barabara, uwanja wa Braak, ghala la baruti la mwaka 1777, na nyumba za makumbusho ya kijiji, ambazo kongwe kati yake ni ya mwaka 1709. Watamweleza kwamba gavana Simon van der Stel ndiye aliyekianzisha kijiji hiki mwaka 1679 na kukipa jina lake, na kwamba mabonde yanayokizunguka ni kitovu cha mvinyo wa Afrika Kusini. Yote hayo ni kweli na yanastahili kuelezwa. Lakini matembezi ya aina hii yana uzito zaidi kuliko wengi wanavyodhania. Mgeni hasomi vitabu vya historia vya mji anaoutembelea kwa siku moja, anachoondoka nacho ni kile alichosimamishwa mbele yake na kuambiwa, "Hapa palitokea jambo." Njia anayopitishwa ndiyo historia anayopewa. Kwa hiyo nadai kwamba njia ya matembezi ya urithi Stellenbosch isiachiwe hiari ya mwongozaji na ratiba ya mvinyo. Iwekwe kanuni kwamba inapita walipofanya kazi watumwa, na inafika Die Vlakte, mtaa wa katikati ya mji ambao wakazi wake waliondolewa.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa maana mzabibu haujipandi. Zabibu za kwanza za Cape zilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, wakati wa Jan van Riebeeck. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1658, meli mbili zilikuwa zimeteremsha mamia ya watumwa kutoka Angola na Afrika Magharibi. Kuanzia siku hizo mvinyo na utumwa vilikwenda pamoja hadi siku ya ukombozi. Wanahistoria wanakadiria kwamba hadi mwaka 1808 watu wapatao 63,000 waliingizwa Cape wakiwa watumwa, takriban robo yao kutoka bara la Afrika, robo Madagaska, robo Bara Hindi na robo visiwa vya Indonesia. Hao ndio waliolima, wakapogoa mizabibu, wakavuna na kukanyaga zabibu. Miongoni mwao walikuwamo mafundi waashi na maseremala, na nyumba nyeupe zenye mapambo ya duara juu ya ukuta wa mbele, zile zinazopigwa picha kuliko kitu kingine chochote mjini, zina jasho lao. Mwaka 1813 Uingereza, iliyokuwa imeshika utawala, ilipunguza ushuru wa mvinyo wa Cape, mashamba ya mizabibu yakapanuka haraka. Kwa kuwa ilikuwa imekwisha kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1807, mzigo wa upanuzi huo uliwaangukia watumwa waliokuwapo tayari na watoto wao. Utumwa ulifutwa tarehe 1 Desemba 1834, lakini walioitwa huru walilazimishwa kubaki kwa mabwana zao miaka minne zaidi, hadi 1838. Mwongozaji anayesimulia umbo la paa na jina la mwenye nyumba, asimtaje aliyeipandisha paa hiyo, amesimulia nusu ya nyumba.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja atauliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu kwa karibu. Lile ghala la baruti la mwaka 1777 lilijengwa na Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyotawala Cape tangu 1652. Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1776 na 1778, Kampuni hiyo ilituma meli zake De Zon na Jagtrust hadi pwani ya Waswahili, Zanzibar ikiwemo, kununua watu wa kupeleka Cape. Kumbukumbu za safari hizo zipo na zimechapishwa na wanahistoria. Baada yao wakaja wengi zaidi kutoka Msumbiji, hata kukazuka jina la pekee la kuwaita Cape, Masbiekers, kwa maana ya watu wa Msumbiji; na hata biashara ya baharini ilipokatazwa, Waafrika waliokamatwa ndani ya meli za magendo walishushwa Cape na kufungwa kwa mikataba ya kazi hadi miaka 14. Kwa hiyo Mswahili anayesimama mbele ya ghala lile pale Braak anatazama mali ya kampuni iliyokuja mlangoni kwake. Sijui sababu nzuri ya kumficha jambo hilo.

Die Vlakte ni habari ya karibu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa walioishi humo wengine wangali hai. Ulikuwa mtaa wa katikati ya mji, hatua chache kutoka Braak, wenye nyumba za familia, shule, makanisa, msikiti, sinema na maduka. Wakazi wake wengi walikuwa watu ambao sheria za makaburu ziliwaita machotara, na wengi wao ni wazawa wa watumwa wale wale. Mwaka 1964 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa la Wazungu pekee chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi. Watu wapatao 3,700 waliondolewa, wakapelekwa pembezoni, Idas Valley na Cloetesville. Nyumba nyingi zilibomolewa, na leo sehemu kubwa ya ardhi hiyo ina majengo ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Msikiti wa Barabara ya Banghoek umebaki. Jengo la shule ya Lückhoff nalo limebaki, likitumiwa na chuo.

Sasa linganisha tarehe. Die Vlakte ilihukumiwa mwaka 1964. Mwaka 1966, miaka miwili tu baadaye, liliundwa shirika la kununua na kukarabati nyumba za kihistoria nchini Afrika Kusini, na Mtaa wa Dorp ukawa miongoni mwa mitaa iliyofaidika na kazi yake. Tarehe 29 Septemba 1969 tetemeko la ardhi liliuvunjavunja mji mwingine wa mvinyo, Tulbagh, na nyumba 32 za Mtaa wa Church zikarejeshwa kwa uangalifu mkubwa katika sura ya karne zilizopita. Sidharau kazi hiyo. Mafundi wake waliokoa urithi wa kweli. Ila inaonyesha wazi kwamba katika muongo mmoja nchi ileile ilikuwa na fedha, ujuzi na huruma ya kuinua kuta zilizoanguka kwa tetemeko, na wakati huohuo ikatuma matingatinga kuangusha kuta zilizokuwa zimesimama na watu ndani yake. Mtalii anayepitishwa Mtaa wa Dorp bila kuambiwa hayo anaamini kwamba kilichobaki kilibaki kwa sababu kilikuwa imara, na kilichotoweka kilitoweka kwa sababu kilikuwa hafifu. Huo ni uongo, hata kama hakuna aliyeutamka.

Wako watakaosema kwamba matembezi huonyesha vitu vinavyoonekana, na watumwa na watu wa Die Vlakte hawakuacha majengo ya kutosha kuonyeshwa. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama ushahidi ungekosekana, lakini Cape ni miongoni mwa jamii za watumwa zilizoacha maandishi mengi mno. Hifadhi za nyaraka za Kampuni zimo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu 2003. Ndani yake mna hesabu za mali za marehemu, ambamo mtu ameandikwa baada ya mapipa na ng'ombe, kwa jina alilopewa na mahali alikotoka: wa Bengali, wa Malabari, wa Madagaska, wa Msumbiji. Mna pia kesi za mahakamani, ambamo watumwa wenyewe wanatoa ushahidi juu ya vipigo, kutoroka, mapenzi na njaa. Mwongozaji anaweza kusimama mlangoni pa nyumba ya karne ya kumi na nane, akasoma hesabu ya mali ya nyumba za zama hizo, na wasikilizaji wakaona vyumba vikijaa watu ambao makumbusho imewasahau. Na kwa upande wa Die Vlakte, kutembea kwa miguu kunafaa kuliko kabati la kioo. Mtu akisimama juu ya lami ya chuo akaambiwa kwamba hapa palikuwa na uwanja wa nyumba ya fulani, pale duka, kule sinema, atakuwa ameuelewa ukubwa wa kilichoondolewa kwa mwili wake, kwa kuhesabu hatua.

Pingamizi la pili ni la wafanyabiashara: mgeni amekuja kupumzika, amelipia mvinyo na mandhari, usimharibie siku. Naliheshimu, maana utalii unalisha watu wengi wa bonde hilo, wakiwemo wazawa wa watumwa. Lakini linamdharau mgeni kwa kumdhania kuwa hawezi kufurahia mvinyo na kusikia ukweli siku moja. Tena mvinyo wenyewe hauelezeki bila habari hii. Kwa vizazi vingi vibarua wa mashamba ya zabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo hafifu uliogawiwa mara kadhaa kwa siku, mtindo ulioitwa dop. Ulikatazwa kisheria, ukaendelea mashambani kwa miongo. Tafiti za madaktari katika Western Cape zimekuta idadi ya watoto walioathiriwa na pombe tumboni mwa mama ambayo ni miongoni mwa kubwa zaidi kuwahi kupimwa duniani. Anayemfundisha mgeni namna ya kunusa bilauri anaweza kumfundisha na hili.

Lipo pingamizi la tatu, ambalo linanisumbua zaidi kwa sababu hutolewa na watu wa Die Vlakte na wa kijiji cha Pniël wenyewe, si na wenye hoteli. Nalo ni kwamba mateso ya mababu yatageuzwa bidhaa, na watakaoiuza ni wale wale waliouza mvinyo. Hofu hiyo ina msingi. Jibu langu ni kwamba hadithi ikibaki bila kusimuliwa faida yote inabaki Mtaa wa Dorp, na ikisimuliwa na wengine, wenyewe wanabaki watazamaji. Kijiji cha Pniël, upande wa pili wa mlima, kilianzishwa mwaka 1843 kama kituo cha misheni kwa watumwa walioachwa huru, na watu wake wanayo makumbusho yao. Wazee wa Idas Valley na Cloetesville wanaijua ramani ya Die Vlakte nyumba kwa nyumba. Matembezi yanayofika huko yawe mikononi mwao, na ada ya sehemu hiyo iwe yao. Sheria ya Utalii ya Afrika Kusini ya mwaka 2014 inamtaka kila mwongoza watalii asajiliwe. Sharti la ziada kwa anayefanya kazi Stellenbosch, kwamba aijue historia ya utumwa na ya uhamisho wa 1964 na afanye kazi na familia zilizohamishwa, si mzigo usiobebeka.

Zanzibar inaweza kuwapa Stellenbosch ushahidi wa pande mbili. Matembezi ya Mji Mkongwe hayamkwepeshi mgeni soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873. Kanisa la Kianglikana limesimama papo hapo, na sanamu za watumwa waliofungwa minyororo zimo ndani ya ua wake tangu 1998. Wageni hawajaacha kuja Unguja kwa sababu hiyo, na hoteli hazijafungwa. Lakini papo hapo Mkunazini yapo mahandaki ambayo wageni huambiwa yalikuwa ya kufungia watumwa, na wapo wanahistoria waliolihoji simulizi hilo kwa hoja kwamba majengo hayo ni ya baadaye. Waongozaji wa Stellenbosch wajifunze ujasiri wa Unguja wa kutamka jambo, na wajihadhari na mazoea ya kulipamba. Wenyewe wana bahati ya nyaraka nyingi. Hawahitaji kubuni chochote.

Waliopo katika nafasi ya kuamua ni halmashauri ya mji, ofisi ya utalii, makumbusho ya kijiji, na chuo kikuu, ambacho kinakaa juu ya ardhi inayozungumzwa na kina wanahistoria wa kuandaa masimulizi yenye ushahidi. Baadhi ya waongozaji wanawafikisha wageni Die Vlakte tayari, kwa kupenda kwao. Hao wanafaa kuketishwa na wazee wa mtaa huo ili ichorwe njia moja, inayoanzia ghala la baruti, inayopita Mtaa wa Dorp na nyumba za makumbusho huku orodha za watumwa zikisomwa milangoni, na inayofika msikiti wa Barabara ya Banghoek na shule ya Lückhoff kabla mgeni hajapewa bilauri. Kazi hiyo ianze sasa, maana mtu aliyekuwa na miaka ishirini Die Vlakte ilipotangazwa kuwa ya Wazungu amekwisha kuvuka themanini.