Saini ya mlezi pekee haitoshi

Nchini Tanzania, mhitimu wa uhandisi hawi mhandisi mtaalamu kwa cheti cha chuo peke yake. Katika mpango wa SEAP, ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) mwaka 2003, hukaa kazini miaka 3 chini ya mhandisi mwenye uzoefu, akiandika kazi zake kwenye daftari, naye mlezi akizikagua na kutia saini. Mpango ni mzuri na tunauunga mkono. Tunachopigia kelele ni yale yanayotendeka kati ya saini moja na nyingine.

Nenda saiti siku ya kumwaga zege. Mhandisi yuko juu ya slabu, mchoro mkononi, anakagua nafasi za nondo kabla zege halijaanza kumiminwa. Pembeni yake kuna kijana mmoja, mara nyingi yule anayetazama naye mpira au aliyesoma chuo kimoja naye. "Wewe ungeipitisha hii?" anaulizwa. Anakosea, anasahihishwa, anaiva. Mhitimu mwenzake, binti, yuko ndani ya kontena la ofisi akichapa kumbukumbu za kikao na kuhesabu mifuko ya saruji. Hakuna aliyemfukuza; ni vile tu hakuna aliyemwita. Mwisho wa mwezi madaftari yote mawili yanasainiwa. Miaka 3 ikiisha, mmoja ana maamuzi ya kusimulia, mwingine ana mafaili.

Msomi wa Marekani Kathy Kram, katika kitabu chake cha 1985, alitenganisha mambo mawili anayotoa mlezi kazini: kumtia mtu moyo, na kumfungulia njia kwa kumpa kazi ngumu, kumtaja kwa wakubwa na kumkinga anapoteleza. Wanawake, na vijana wasio na ndugu kwenye fani, hugawiwa zaidi la kwanza. "Vumilia, mdogo wangu." Linalopandisha cheo ni la pili. Mwaka 1996 George Dreher na Taylor Cox walionyesha kwamba wahitimu wa shahada ya uzamili ya biashara Marekani waliolelewa na wanaume weupe, yaani walioshika madaraka, walipata wastani wa dola 16,840 zaidi kwa mwaka kuliko waliolelewa na wengine. Na walezi hao, wanawake na watu weusi waliwapata kwa nadra zaidi.

Kuanzia 2010 Norway ilifadhili wahandisi wanawake wapitie SEAP. Fedha zilifungua geti la saiti, lakini hazikuweza kumlazimisha mlezi amwite mtu juu ya slabu. Hilo ni letu wenyewe. Ujuzi uliojenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 umo vichwani mwa watu, na watu hustaafu; usiporithishwa saiti, huondoka nao.

Waajiri wampangie kila mhitimu mlezi kwa maandishi siku anayoripoti, wasiache urafiki uchague. Bodi nayo isiishie kukagua madaftari. Mkaguzi amuulize mhitimu, mlezi wake asipokuwapo, ni uamuzi gani wa kihandisi aliopewa kuufanya mwezi uliopita. Mlezi ambaye mhitimu wake hana la kujibu asikabidhiwe mwingine.