Uchungu Si wa Jani

Wako wenzetu wengi wasemao kwamba chai ya kijani ya Japani ni dawa ya wagonjwa, tena chungu, wala haina ladha ya kumfanya mtu mwenye afya aitamani. Mimi nasema hukumu hiyo ni ya haraka. Mtu huyatia majani yale katika maji yanayotokota, huyaacha humo hata amalize mazungumzo yake, kisha hunywa na kukunja uso. Nyama nzuri ikiungua jikoni, je, tutamlaumu ng'ombe?

Yafaa tujue kwanza kwamba mchai wa Japani na mchai wa Fort Portal au Bushenyi ni mmea wa jamii moja. Tofauti huanza baada ya kuchuma. Kwetu majani hunyaushwa, husagwa na mashine hata yakawa punje, kisha huachwa hewani yageuke rangi. Hiyo ndiyo chai nyeusi, nayo hupatana sana na maziwa na sukari; sisemi neno baya juu yake, maana nainywa kila asubuhi. Lakini Mjapani hataki jani ligeuke. Mara likiisha kuchumwa hulipitisha katika mvuke wa moto kwa muda mfupi, na mvuke huo huzuia kugeuka, hivyo ukijani hubaki.

Kisha yaja mapishi yenyewe ya jani. Mwaka 1738 mkulima mmoja wa Ujitawara, karibu na Kyoto, jina lake Nagatani Soen, alionyesha njia ya kusokota majani yaliyotiwa mvuke, kwa viganja, juu ya meza iliyopashwa moto, hata yakakauka na kuwa membamba kama sindano. Chai hiyo huitwa sencha. Ni kazi ya saa kadhaa, mtu kasimama, na kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu. Si ajabu basi kwamba watu walitafuta mashine. Mwaka 1885, Japani ilipoanza kutoa hati za uvumbuzi, hati ya pili, ya tatu na ya nne zote alipewa mtu mmoja, tabibu Takabayashi Kenzo, na zote zilikuwa za mashine za chai! Leo chai karibu yote husokotwa kwa mashine, na wasokotao kwa mikono ni wachache.

Iko chai bora zaidi iitwayo gyokuro. Mashamba yake hufunikwa siku 20 hivi kabla ya kuchuma, ili jua lisiyapige majani sana. Jani lina kitu kiitwacho theanini, nacho huleta ladha tamu nzito kama ya supu. Jua hukigeuza kuwa vitu viletavyo ukali. Kivulini theanini hubaki nyingi.

Hapo ndipo siri ya maji ilipo. Theanini hutoka hata katika maji ya uvuguvugu, bali vitu vya ukali hutaka moto mkali. Kwa hiyo sencha nzuri hupewa maji ya nyuzi 70 au 80, na gyokuro nyuzi 50 au 60. Asiye na kipima joto amimine maji yaliyochemka katika kikombe, kisha katika kikombe kingine, nayo yatapoa. Angoje dakika moja, amimine kidogo kidogo kwa zamu ili vikombe vyote vilingane, tena asiache hata tone la mwisho, maana ndilo lenye ladha. Majani yale yale yatapokea maji mara ya pili na ya tatu. (Baada ya hapo wengine huyatia mchuzi wa soya wakayala!)

Huenda mtu akasema kutoa fedha nyingi kwa ajili ya majani ni ufahari mtupu. Ningekubali, kama si hali ya wakulima wenyewe. Siku hizi dunia inakimbilia matcha, yaani unga wa chai; mwaka 2024 maduka mashuhuri ya Kyoto yalilazimika kuweka kikomo cha kununua. Wakulima wengine wameacha sencha ili walime majani ya unga, nami siwalaumu, kwani wamevumilia bei ndogo miaka mingi na wengi wao ni wazee. Mwaka huo huo mkoa wa Kagoshima uliupita Shizuoka, uliokuwa wa kwanza kwa chai tangu zamani. Kagoshima ina mashamba mapana ya tambarare, mashine hupita juu yake. Shizuoka ina miteremko mikali ambayo vijana hawaitaki.

Linaloniudhi ni kwamba unga uliosagwa kwa jiwe, gramu 40 hivi kwa saa nzima, huzamishwa katika maziwa ya barafu na sukari hata asiweze mtu kutambua kama ni mzuri au mbaya. Kwa kinywaji cha namna hiyo unga wa hali ya chini ungetosha. Sencha ya mteremkoni haina pa kujificha: hunywewa kwa maji matupu, na mnunuzi ajuaye kuitengeneza ndiye pekee atakayekubali kulipa bei ya kumweka mkulima yule shambani. Kwa hiyo, atakayeletewa pakiti na jamaa aliye ng'ambo, naomba siku ya kwanza asiitie maziwa, na birika aliepue motoni mapema.