Nyota Hazikugongana

Katika mdahalo wa muhula huu msemaji mmoja alituambia kwamba elimu ya nyota ni ya mataifa yenye darubini kubwa, na kwamba sisi tutapata kukariri majina tu. Mimi nakataa. Fizikia tufundishwayo hapa yatosha kufahamu moja la maajabu makubwa ya mbinguni.

Twaeni galaksi iitwayo Gurudumu la Mkokoteni, aliyoigundua Fritz Zwicky mwaka 1941. Iko mbali nasi kiasi cha miaka-nuru milioni 500, na umbo lake ni la pete. Wataalamu husema iligongwa na galaksi ndogo. Neno hilo “iligongwa” ndilo lipotezalo wengi, kwani hufikiri malori mawili barabarani. Lakini kama Jua lingekuwa chungwa, nyota iliyo jirani yake kupita zote ingekuwa chungwa jingine umbali wa kilometa 2,000 hivi! Machungwa hayo yatagonganaje? Galaksi ndogo ilipenya katikati ya ile kubwa, na nyota zao zikapishana salama.

Kilichofanya kazi ni uvutano. Mgeni alipokuwa akipita, uvutano wake uliongezeka juu ya ule wa mwenyeji, nyota na gesi zikavutwa kuelekea katikati. Alipokwisha kupita, zikarudi nje. Zilizo karibu na katikati hurudi mapema, za mbali huchelewa. Basi zinazotoka hukutana na zile ambazo bado zaingia, pakawa na msongamano, na msongamano huo ndio pete. Huenea nje kama wimbi. Wengi huufananisha na jiwe lililotupwa bwawani. Mfano mzuri, ila jiwe husukuma maji, na huku mbinguni kazi ni kuvuta tu. Katika pete gesi hubanwa, na nyota mpya huzaliwa kwa wingi.

Je, ni jambo gani hapo lililo nje ya somo la uvutano na la mawimbi? Hata hivyo wenzetu wengi huikimbia fizikia mara wapatapo ruhusa ya kuchagua masomo.

Nawaomba walimu watupe usiku mmoja wa Januari usio na mbalamwezi, tuchelewe kulala. Gurudumu halionekani kwa macho matupu, lakini Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, huonekana upande wa kusini karibu saa nne, wakati ambapo sisi tumekwisha kuzimiwa taa bwenini.