Mfuga Nyuki wa Halab



Mwezi huu tutazungumza juu ya hadithi iliyoandikwa kwa Kiingereza na kupigwa chapa mwaka 2019. Jina lake ni The Beekeeper of Aleppo, yaani mfuga nyuki wa Halab. Mtungaji wake ni Bibi Christy Lefteri wa London, ambaye wazazi wake walikuwa wakimbizi wa Cyprus mwaka 1974. Naye alipata kwenda Athens, mji wa Ugiriki, mwaka 2016 na 2017, akawahudumia wakimbizi waliotoka vitani.

Nuri alikuwa mfuga nyuki huko Halab, katika nchi ya Sham, akishirikiana na binamu yake Mustafa. Mkewe, Afra, alikuwa mchoraji. Mola aliwajaalia mtoto mmoja, Sami. Vita viliingia mji huo mwaka 2012. Katika hadithi, mizinga inateketezwa kwa moto, kisha kombora linamwua Sami naye yu katika mchezo. Tangu siku hiyo Afra hakuona tena. Macho yake hayana jeraha. Kilichoyafunga ni msiba. Wakahama, wakapita Uturuki na Ugiriki, wakafika Uingereza, mume akimwongoza mkewe kwa mkono.

Asomaye kwa haraka atadhani kuwa mgonjwa ni Afra na mzima ni Nuri. La, sivyo. Afra anaijua huzuni yake, lakini Nuri ameizika yake ingali hai. Hamlilii mwanawe. Badala yake, njiani anaandamana na mtoto aitwaye Mohammed, akimlinda na kumtafuta, mpaka mkewe anapomfunulia kwamba mtoto huyo hakuwapo kabisa. Tena huko Athens Afra alivunjiwa heshima na mtu mwovu aliyekuwa akiwapangia safari. Nuri akajilaumu, na kwa kule kujilaumu akashindwa hata kumkumbatia mkewe. Basi Afra akawa amepotewa na mwana, na mume naye yu kando yake lakini hampati.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Wengi wetu hudhani subira ni kukauka macho. Mtu akifiwa, na hasa mwanamume, huambiwa ajikaze, na baada ya siku chache jina la marehemu halitajwi tena nyumbani. Je, hii ndiyo subira tuliyofundishwa? Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na watu wa nyumbani mwake walipomlaumu aliwajibu kwamba mashtaka ya huzuni yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kurarua nguo na kunung'unikia kadari ya Mola; machozi hayakukatazwa.

Tena enyi waume, tuzingatie. Mwanamke aliyedhulumiwa hana kosa. Mumewe akijitenga naye, hata ikiwa ni kwa aibu yake mwenyewe, humwongezea adhabu aliyekwisha dhulumiwa.

Uponyaji wao hauji kwa ghafula. Katika ua wa nyumba waliyofikia Uingereza, Nuri anamwona nyuki asiye na mabawa, ambaye hana tena kazi mzingani, akamtunza. Afra naye anarudia kuchora ilhali haoni. Mustafa, ambaye naye alifiwa na mwanawe, amekwisha tangulia Uingereza na anawafundisha wakimbizi wenziwe kufuga nyuki. Na kubwa kuliko yote, mume na mke wanaanza kuambizana kweli. Hapo ndipo mapenzi yao yanapopata njia ya kurudi.

Hadithi hii ina mambo mazito, haiwafai watoto wadogo. Wazee wasiojua Kiingereza wamtake kijana wa nyumbani awasomee na kuwafasiria. Na mkiisha kusoma, kila mmoja aangalie nyumbani mwake: ni nani hapa aliyefiwa au kudhulumiwa, nasi tumemnyima nafasi ya kulia? Mkae karibu naye, mumsikilize, wala msimharakishe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape faraja wote waliotolewa katika miji yao, na azijaalie nyumba zetu huruma. Amin.