Picha kali ya setelaiti si mpaka wa shamba

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, mkulima wa Tanzania anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Ili kupunguza gharama, sehemu nyingine upimaji hufanywa kwa picha za setelaiti: wanakijiji wanaonyesha mipaka yao kwenye picha, kisha ramani inachorwa. Njia hiyo ni nzuri, tena nafuu. Lakini liko swali ambalo wengi hatuulizi: je, picha yenyewe imekaa mahali pake?

Wengi hudhani kwamba picha inayoonyesha hata mwembe mmoja mmoja haiwezi kukosea. Hapo ndipo penye tatizo. Ukali wa picha ni jambo moja, usahihi wa mahali ni jambo jingine. Setelaiti ya IKONOS, iliyorushwa mwaka 1999, ilionyesha vitu vya karibu mita 1, lakini bila kusahihishwa kwa vipimo vya ardhini picha yake iliweza kuhama mita 15 hivi. WorldView-3 ya mwaka 2014 huona vitu vya sentimeta 31, na kwenye tambarare kosa lake kwa kawaida halizidi mita 5.

Mita 5 ni nini? Ekari moja, zile hatua 70 kwa 70 tulizozizoea, ina upande wa mita 64 hivi. Ukanda wa mita 5 kwa 64 ni kama asilimia 8 ya ekari, yaani mistari 6 ya mahindi. Milimani, kama Usambara, hali ni mbaya zaidi. Setelaiti ikipiga picha kwa kuinama nyuzi 20, na picha isirekebishwe kwa mwinuko, shamba lililo mita 100 juu ya bonde litaonekana limehama mita 36.

Picha yote ikihama kwa pamoja, majirani hawataona tofauti. Ugomvi huja baadaye, jirani anapopimwa kwa picha nyingine au kwa GPS. Mpaka mmoja unakuwa miwili, na anayeumia ni yule aliyeweka hati yake benki kama dhamana ya mkopo.

Dawa ipo. Wapimaji wachague pointi chache zinazoonekana wazi, kama njia panda, wazipime kwa vifaa vya usahihi wa sentimeta, kisha picha irekebishwe kuzifuata. Pointi nyingine zibaki za kukagulia, na kiasi cha kosa kiandikwe kwenye ramani.

Nanyi wakulima, kabla ya kutia saini ulizeni kosa hilo ni mita ngapi. Tembeeni mpaka pamoja na jirani, mpande minyaa au masale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kesi ya ardhi ni ukuta wa gharama kubwa.