Dansa wa Kwaluguru Kukwama London: Mshamba Hapa Ni Nani?

Wiki nzima mitandaoni kijana wa watu anachekwa. "Mshamba wa Kwaluguru", "kaenda Ulaya hajui hata kusoma viza", na emoji za kucheka juu. Kosa lake? Kuzuiwa uwanja wa ndege London asipande ndege ya Amsterdam, huku bosi wake, staa mwenye mashabiki kibao, akipita na begi lake la bei mbaya bila hata kugeuka nyuma.

Taratibu kwanza, maana wengi wanaocheka nao hawajui.

Safari ilikuwa hivi: shoo Paris, siku tatu London, shoo Amsterdam, kisha kurudi Dar. Ufaransa na Uholanzi zote zimo kwenye Schengen, nchi 29 zenye viza moja. Ni kama nyumba ya vyumba 29: ukishaingia, unazunguka vyumbani utakavyo. Uingereza haimo. Ukienda London umetoka nje, na kurudi ndani ni kuingia upya.

Na stika ya viza inasema wazi unaruhusiwa kuingia mara ngapi: 01 ni mara moja, 02 mara mbili, MULT mara nyingi. Staa, mwenye pasipoti iliyojaa mihuri, alikuwa na MULT. Dansa, safari yake ya kwanza, alikuwa na 01, na Paris ilishaimaliza. Siku zilizobaki kwenye viza hazikumsaidia kitu. Wala viza ya pili hainunuliwi London kama vocha; kwa kawaida unaiombea nchi unayoishi.

Alipaswa kusoma viza yake? Sawa. Lakini mtoto wa Handeni mpaka anaoujua ni Horohoro: unagongewa muhuri, unaenda Mombasa, unarudi, unaenda tena, viza hakuna. Nani wa kumwambia kwamba Ulaya mlango unahesabiwa? Fomu alijaza meneja. Tiketi alikata meneja. Hata pasipoti zilikaa kwenye mkoba wa meneja.

Halafu swali ambalo mashabiki hawataki kuuliza: London walifuata nini? Hakukuwa na shoo. Zilikuwa picha za Big Ben na video za kula bata, zote kwenye akaunti ya bosi. Wangepanda treni kutoka Paris moja kwa moja hadi Amsterdam, dansa angefika bila shida. Nafasi yake pekee ya kuingia imechomwa kwa ajili ya picha za mtu mwingine.

Bosi naye kaposti kwamba "Wazungu wanatubagua". Kweli, mwenye pasipoti ya Uingereza anaruka hadi Amsterdam bila viza, na hilo linauma. Lakini sheria hiyo haikutungwa usiku ule. Ilikuwepo siku meneja anakata tiketi. Ubaguzi usigeuzwe shuka la kufunikia uzembe.

Wakati huo shoo imempita na malipo yake yamepita nayo. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya kutokea Amsterdam, kwa hiyo haikumfaa. Watu wa karibu na familia wanasema kule Kwaluguru mama kauza magunia ya mahindi, majirani wakachangia, ndipo mtoto akapata nauli ya kurudi. Bosi? Kaposti viatu vipya.

Wahenga walisema mkubwa jalala, lawama zote kwake. Kwa mastaa wetu jalala ni dansa. Anayebeba watu kwenda nao nchi tatu afungue pasipoti moja moja kabla ya kulipa tiketi, asome ile namba. Ni kazi ya dakika tano. Akishindwa, basi angalau arudishe hela ya mahindi ya mama wa watu.

Na wewe uliyekomenti "mshamba": kabla ya leo, ulijua 01 maana yake nini?