Kupiga Picha za Fataki

Mtoto wa Lumakanda azungushapo kijinga cha moto gizani, watazamaji huona duara zima la moto, ingawa kaa lenyewe ni moja tu. Ndivyo ifanyikavyo picha ya fataki. Kila cheche husafiri angani, na kamera iliyoachwa wazi kitambo huandika njia yake yote. Alijuaye jambo hili amekwisha kujua nusu ya kazi.

Fataki hazingoji mtu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, 1963, bendera ya Kenya ilipopandishwa Nairobi na fataki zikarushwa, hapakuwa na mpiga picha aliyeweza kuomba saa ile irudiwe. Hata katika arusi ya kijijini au usiku wa mwaka mpya ni vivyo hivyo: maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo yafaa kila kitu kitengenezwe mapema.

Kwanza, kamera isimamishwe juu ya miguu mitatu, maana mkono wa mtu hauwezi kutulia sekunde nne. Pili, taa ya kamera izimwe. Nuru yake haifiki kwenye fataki, bali huangaza moshi na visogo vya watu. Tatu, lenzi ilengwe mbali kwa mkono, isiachwe ijitafutie shabaha gizani.

Sasa kipimo cha mwanga. Wengi huona giza, wakafungua tundu la lenzi kabisa, na picha zao hutoka na madoa meupe yasiyo na rangi. Kosa lao ni kupima giza badala ya kupima moto. Wepesi wa filamu, yaani ISO katika kamera za siku hizi, uwe 100, na tundu liwe f/8 hadi f/11. Tundu hutawala mng'ao wa cheche. Muda hutawala wingi wake. Sekunde mbili hadi nne hutosha. Zikizidi sana, fataki hupandana.

Tena, za kwanza ndizo safi, kabla moshi haujatanda. Mpiga picha asimame upande utokako upepo.

Asiye na fataki za kujifunzia asikate tamaa. Barabara kuu ya Eldoret kwenda Webuye hupita Lugari. Usiku na asimame mbali na njia, apige taa za magari kwa kipimo hicho hicho. Akipata mistari mizuri yenye rangi, siku ya sherehe haitamkuta akibahatisha.